Usiuamini upepo wa baiskeli

Ukiwa juu ya baiskeli, jasho lako hulioni. Unakwenda kilomita 30 kwa saa, upepo unakupiga kifuani, jezi kavu, unajiona umepoa. Kumbe maji yanakutoka vilevile, ila upepo unayakausha kabla hayajadondoka. Ukweli unaujua kilimani. Mwendo ukishuka hadi kilomita 9 kwa saa, upepo unakatika, jasho linakuingia machoni na kuwasha. Na hapo ndipo miguu inafanya kazi kuliko wakati wowote. Takriban robo tatu ya nguvu unayotumia huishia kuwa joto, haifiki kwenye pedali.

Kwa hiyo mimi hunywa kabla ya kupanda. Katikati ya kilima nahema mno, hata kumeza ni kazi.

Watu huniuliza wanywe lita ngapi. Namba moja ya wote haipo, maana njia ni ile ile, jua lile lile, mmoja anapoteza nusu lita kwa saa na mwenzake lita mbili. Jipime. Panda mzani bila nguo, endesha saa moja juani, jifute jasho, panda tena. Kila kilo iliyopungua ni kama lita moja. Jumlisha na ulichokunywa njiani. Mimi jua likiwa kali hupoteza lita moja na zaidi, na tumbo langu halikubali kiasi hicho chote ndani ya saa. Nafidia kiasi njiani, deni lililobaki nalilipa jioni.

Halafu kuna chumvi. Mikanda ya helmeti ikikauka hubaki na mistari myeupe. Nimewahi kuilamba (usinicheke), ni chumvi kweli. Ukinywa maji matupu kwa wingi kutwa nzima, chumvi ya damu inazimuliwa: kichwa kinauma, kichefuchefu, akili inachanganyikiwa. Ubaya ni kwamba dalili hizo zinafanana na za kiu, basi mtu anazidi kunywa. Ndiyo maana chupa yangu ya kwanza ina chumvi na sukari kidogo, ambazo husaidiana kupenya utumbo na kuvuta maji. Ya pili ni maji matupu, na nusu yake humwagikia shingoni. Kukiwa na unyevunyevu mwingi hewani ujanja huo hausaidii sana, kwa kuwa jasho halikauki. Hapo napunguza mwendo, basi.

Joto huzoeleka kwa wiki moja hadi mbili za kuendesha kila siku, taratibu. Lakini mwenzako akianza kujibu ovyo au kuyumba barabarani, mshushe. Kivulini, vua jezi na helmeti, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, na mwingine apige simu kuomba msaada papo hapo. Msisubiri jasho likatike ndipo mwamini ni kiharusi cha joto, yaani mwili umeshindwa kujipoza. Mtu anaweza kuzidiwa huku jasho linamtoka.