Jumamosi ya wazee wa besiboli: siku yangu moja uwanjani Cooperstown

Saa kumi alfajiri nimeshawasha gari. Mke wangu amenifungia chai ya tangawizi kwenye chupa, na hiyo ndiyo inayonifumbua macho mpaka niimalize barabara ya kutoka Utica kwenda Cooperstown, mwendo wa saa moja hivi katikati ya mashamba na ukungu. Mtaani kwetu Utica Kiswahili kipo, cha Wakongo na Warundi, kila mtu na lafudhi yake. Nikishautoka mji kinabaki changu peke yangu hadi usiku.

Kazi yangu ni ya msimu: kedi, yaani mbeba mikoba ya fimbo za wachezaji, na mtunza vigari kwenye uwanja wa gofu wa Leatherstocking, wa hoteli ya Otesaga, ukingoni mwa ziwa Otsego, jimbo la New York, Marekani. Hoteli na uwanja vyote vilianza 1909. Ukedi nilijifunza Moshi nikiwa bado mwanafunzi, tunakaa getini kuanzia asubuhi tukiomba Mungu tupewe mkoba wa kubeba. Sikujua kama mkoba ule ungenifikisha huku.

Leo ni Jumamosi ninayoisubiri mwaka mzima. Hapa Cooperstown ndipo lilipo Jumba la Mashujaa wa Besiboli, makumbusho ya kuwaenzi magwiji wa mchezo huo, lililofunguliwa 1939. Watano wa kwanza walichaguliwa 1936, Babe Ruth akiwa mmoja wao, na hadi 2025 walioingizwa walifika 351. Walio hai hawafiki mia. Kila Julai, wapya wanapoingizwa siku ya Jumapili, wakongwe hurudi na kulala Otesaga, na Jumamosi asubuhi hucheza gofu kwetu.

Saa kumi na moja na nusu tunapanga vigari. Barafu kwenye visanduku, taulo mbili kila kigari, kalamu, kadi, maji. Umande ni mwingi, viatu vinalowa hadi soksi. Hii sehemu haina hadithi, ni mikono tu.

Saa moja wazee wanaanza kushuka kutoka kwenye kifungua kinywa, na hapa ndipo napenda kusimama nikatazama. Watu hawa walipigana vikumbo miaka kumi na tano, ishirini, mmoja akimrushia mwenzake mpira wa kilomita 150 kwa saa usawa wa mbavu. Leo wanashikana mikono hawaachiani. Wanaulizana magoti, nyonga, wajukuu. Halafu sauti zinashuka, wanaulizana nani mwaka huu hakuweza kusafiri. Mwaka 2020 peke yake waliondokewa na saba: Al Kaline, Tom Seaver, Lou Brock, Bob Gibson, Whitey Ford, Joe Morgan na Phil Niekro. Januari iliyofuata akafariki Hank Aaron, yule aliyepiga mipira 755 ikavuka uzio. Nikiwasikiliza nakumbuka baraza la wazee wa kwetu baada ya swala au ibada, kahawa mkononi, kuhesabu waliopo na wasiokuwepo. Kwa macho yangu gofu ni kisingizio. Wamekuja kuonana.

Saa mbili tunaanza. Kundi langu lina wachezaji wanne: wageni wawili wa hoteli, mrushaji mmoja wa zamani, yule anayemrushia mpigaji mpira, na mdakaji mmoja, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kuudaka. Majina yao siwaandikii. Kazi hii ina amana zake, na hatuombi saini wala picha. Mdakaji namwita "mzee". Msimu uliopita nilimweleza kwamba kwetu neno hilo ni heshima, na tangu siku hiyo naye anamwita mwenzake "mzee", akilivuta vizuri kabisa, "mzeee!"

Mtu anayefikiri besiboli na gofu ni ndugu aje aone shimo la kwanza. Mpigaji wa besiboli ameuzoea mpira unaomjia usawa wa kiuno. Mpira wa gofu umelala chini, umetulia, unakungoja. Akizungusha mwili vilevile alivyozoea, mpira unapinda kulia na kuingia mitini. Wapo walioshinda tabia hiyo. John Smoltz, aliyekuwa mrushaji na akaingia jumbani 2015, alifuzu mwaka 2018 kucheza mashindano ya wazi ya Marekani ya wakongwe wa gofu. Wetu wa leo wanapiga mbali, mbali sana, ila si lazima iwe upande wa bendera. Natembea mitini natafuta mipira na moyo wangu ni mweupe.

Saa nne tumekwama, kundi la mbele linachelewa. Mrushaji anatoa mkobani mpira wa besiboli alionao kwa ajili ya watoto watakaomwomba saini. Ananiwekea mkononi. Ni mzito kuliko unavyodhani, kama gramu 145, mara tatu ya ule wa gofu, na una mishono 108 ya uzi mwekundu. Anakishika kidole changu cha shahada, kisha cha kati, anavilaza kukatiza mishono. Hivi unanyooka, anasema. Anavigeuza vifuate mishono. Hivi unazama na kuvutwa pembeni. Vidole vyake vinanuka mafuta ya kuchulia, ncha ni ngumu kama kwato. Mdakaji naye ananyoosha mkono wake wa kulia: kidole cha shahada kimepinda kwenye kiungo, kile kidogo cha mwisho hakikunjiki. Mipira iliyoguswa na gongo la mpigaji ikabadili njia ndiyo iliyomfanya hivyo. Na magoti, baada ya miaka yote ya kuchuchumaa, hayainami tena. Mwisho wa fimbo yake ya kusukumia ameweka kikombe kidogo cha mpira kinachonyonya. Mpira ukiingia shimoni, anageuza fimbo, anabonyeza, unapanda nayo.

Saa saba kasoro tunafika shimo la 18. Hili lazima niwaeleze. Unapigia kwenye kisiwa kidogo ziwani, na mpira sharti uvuke maji ndipo ukute majani, hoteli ikikutazama. Mgeni mmoja mgongo umemkaza, hawezi. Mdakaji akanipa fimbo yake: piga wewe, mzee. Nilimtazama msimamizi, akatikisa kichwa kukubali. Magoti yalikuwa yakinitetemeka. Nilipiga kama nilivyopiga Moshi kwa fimbo za kuazima, bila haraka, na mpira ukavuka, ukatua majanini hatua chache tu kutoka majini. Wa mdakaji ulizama. Kwa kuwa kila kundi linachagua mpira uliokaa vizuri zaidi, tukacheza wangu. Aliipiga kofia yangu ikanifunika macho, na mimi nilicheka hadi machozi.

Saa nane, tukila, mdakaji akaniuliza kama Tanzania wanacheza besiboli. Nikatoa simu nikamwonyesha video ya vijana wa Azania Sekondari, Dar es Salaam, ambako Wajapani ndio walioupeleka mchezo huu. Aliiangalia mara nne. Mara ya nne alikuwa akimtazama mdakaji wa timu, mtoto mwembamba aliyechuchumaa kwenye vumbi, na akaniomba nimwambie mwalimu wao kwamba mkono wa kulia wa yule mtoto uwe nyuma ya mgongo hadi mpira udakwe. Nimeshatuma ujumbe.

Saa kumi na mbili jioni mitaa ya kijiji imejaa watu kwa maandamano ya wakongwe, wanapita juu ya magari ya wazi wakipunga mikono. Mimi niko bandani naosha vigari na kuvichomeka chaji, kelele nazisikia kwa mbali.

Katika kigari cha 14 nikaikuta fimbo yenye kile kikombe.

Saa mbili na nusu usiku nikaipeleka. Nyuma ya hoteli kuna varanda ndefu yenye viti vya kubembea vinavyotazama ziwa. Walikuwa saba au wanane, giza linaingia, wanaongea polepole. Mdakaji alikuwa amesinzia, mkono ule uliopinda juu ya tumbo. Mrushaji aliponiona akaweka kidole mdomoni. Nikaiegemeza fimbo kwenye kiti taratibu, nikarudi kupitia nyasini ili viatu visilie.