Daftari la Maziwa, Kibosho

Mwaka 2013 nilipewa kazi ya kutengeneza kanzidata, yaani mfumo wa kutunza kumbukumbu kwenye kompyuta, ya chama kimoja cha wafugaji kule Kibosho, juu ya mji wa Moshi. Wanachama walikuwa 4,000 na ushei, na maziwa yalipokelewa asubuhi na jioni. Kabla sijachora jedwali hata moja, nilikuwa nimeshachagua seva, kompyuta kubwa ya kutunzia data, ya diski nane. Bei yake ilikaribia kumaliza bajeti yote.

Karani wa kituo, mama wa makamo, akaniambia, "Mwanangu, kabla hujanunua hiyo mashine, njoo ukae na mimi asubuhi moja."

Saa kumi na mbili kina mama walishapanga foleni na ndoo zao. Karani anatumbukiza laktomita, kipimo cha kugundua maziwa yaliyotiwa maji, anasoma, anapima lita, anaandika. Foleni ilipopungua nikamwonyesha karatasi yangu: kila mwanachama mstari mmoja kwa mwezi, kolamu 62, yaani siku 31, asubuhi na jioni. Akaitazama kimya, kisha akaweka kidole kwenye daftari lake. Namba 318 ilikuwa imeandikwa mara mbili asubuhi ileile: lita 4, halafu lita 2 na nusu.

"Ng'ombe wake wa pili alichelewa kukamuliwa. Hizi mbili na nusu kwako zinakaa wapi?"

Hazikuwa na pa kukaa. Zingefuta zile 4, na mama wa watu angepunjwa hela yake.

Akafunua ukurasa mwingine. Namba moja, majina mawili, la kwanza limekatwa kwa wino mwekundu. Mwenyewe alifariki, mkwewe akaendelea kuleta maziwa kwa namba ya nyumba. Mimi nilikuwa nimefanya namba na mtu kuwa kitu kimoja.

Usiku nikaanza upya: jedwali la watu, la namba, la nani alishika namba ipi toka lini hadi lini, na la mapokezi, kila upimaji mstari wake. Ndipo nikapiga hesabu. 4,000 mara 2 mara 365 ni mistari 2,920,000 kwa mwaka. Kwenye PostgreSQL, programu ya kanzidata niliyotumia, kila mstari unakula takriban baiti 28 kabla hujaweka chochote. Pamoja na data yetu nikakadiria baiti 60. Megabaiti 175 kwa mwaka! Data ya miaka kumi, hata ukiongeza faharasa za kutafutia mistari haraka, ingeenea ndani ya RAM, kumbukumbu ya kazi ya kompyuta, ya gigabaiti 16.

Diski nane za nini? Nikachukua mbili zinazonakiliana, RAM hiyo, na UPS nzuri, betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika. Kuna diski zinazoitikia "nimeandika" wakati data bado iko kwenye kumbukumbu zao za muda. Umeme ukikatika hapo, imekwenda.

Kesho yake nikampelekea mchoro mpya. Akaitafuta 318, akaona mistari yake miwili, akatikisa kichwa kukubali.

"Na yale ninayoyakataa kwa kuwa yametiwa maji? Hayo pia huwa nayaandika."

Nikatoa kalamu.