C Moja ya Jiografia

Jumapili, usiku

Leo mtoto wa dada yangu ameniomba nimwamshe saa kumi na moja alfajiri. Ameniomba mwenyewe. Tangu aje hapa Tanga mwezi wa pili, habari ya kumwamsha ndiyo imekuwa vita yetu.

Alikuja na begi moja na matokeo ya kidato cha nne: divisheni foo, pointi 27. Dada alinipigia kutoka Handeni akasema, "Kaa naye huko mjini, labda atachangamka." Wapi! Analala mpaka saa sita mchana, anakula, anarudi kwenye simu. Mimi naamka na adhana kuwahi cherehani yangu Ngamiani, namruka pale sebuleni kama gogo. Nimesema mengi. Nimemtajia watoto wa majirani, nimemsimulia babu yake aliyekata mkonge akiwa na umri kama wake. Kila nikimaliza ananijibu, "Sawa, mama mdogo," kwa adabu kabisa, na kesho yake yale yale.

Aliyenikata kauli ni mteja wangu mmoja, nesi mstaafu. Aliniuliza kama mtoto alisoma bweni. Miaka minne, nikamwambia. Kengele saa ngapi? Saa kumi na nusu usiku. Akacheka. Akanieleza kuwa kijana wa umri ule huchelewa kushikwa na usingizi, mwili wenyewe ndivyo ulivyo, na bado anahitaji kulala kwa muda wa saa nane hadi kumi. "Wewe unadhani anakukomoa, kumbe analipa deni." Sikukubali yote. Deni gani lisiloisha miezi miwili? Ila niliacha kumvuta shuka.

Nilipoacha kugombana naye ndipo nikaanza kuona. Dukani haendi mchana, anangoja giza liingie, kwa sababu mwenye duka kila akimwona humwuliza, "Ulipata ngapi vile?" Mgeni akibisha hodi, yeye anaingia bafuni anakaa humo mpaka mgeni aondoke. Mtoto alikuwa na aibu, nami nikawa namwita mvivu mbele za watu.

Usiku mmoja umeme ulikatika, tukatoka kukaa kibarazani. Nikamwomba anionyeshe tena yale matokeo kwenye simu. Pointi 27 za masomo saba hazihitaji kalamu: D moja ni pointi nne, D sita ni 24, zinabaki tatu, na tatu ni C. Muda wote ule ukoo mzima ulikuwa unazilia D sita.

"Hii C ya nini?"

"Jiografia."

"Mbona hiyo?"

Akanyamaza. Kisha akaanza kunieleza ramani, mistari ya kontua, ile inayoonyesha miinuko, inavyobanana palipo na mteremko mkali, mtu anavyoweza kuuona mlima kwenye karatasi bapa. Alichora vumbini kwa kijiti huku nikimmulika na simu. Umeme uliporudi alikuwa hajamaliza, na mimi sikuwa nimeelewa hata nusu.

Ulimi ukaniwasha. Nilitaka kumwambia papo hapo: vipo vyuo vya ardhi Morogoro na Tabora, kozi nyingi za astashahada hupokea wenye D nne, kesho tuanze kutafuta fomu! Nilijizuia siku nne, na kwangu hizo ni nyingi. Nilipomwambia, alisema hajui kama ataipenda kazi yenyewe au anapenda ramani tu. Swali zuri kuliko yote niliyokuwa nimemwuliza.

Basi nikamwombea kibarua kwa mpimaji wa ardhi ambaye mkewe namshonea. Kazi ni kubeba vigingi na kufyeka njia, huko Pongwe. Ameenda kuanzia Alhamisi hadi jana. Anarudi na vumbi jekundu mpaka masikioni, shingo imeungua, na saa tatu usiku usingizi umeshamchukua. Simu inaita peke yake.

Jana jioni alisimama nje, akatazama ukuta wa jirani kwa muda mrefu.

"Mama mdogo, huu ukuta umeruka bikoni ya mpaka."

Nilimsihi apunguze sauti. Jirani huyo tunachota maji kwake.

Dada amepiga sasa hivi. "Vipi, ameshaamua?"

Nimemwambia amelala.