Vikombe vitatu vya pakanga

Jumapili iliyopita yule wangu mdogo alirudi kanisani na swali. Walikuwa wamesomewa Ufunuo sura ya nane, nyota kubwa inaanguka kutoka mbinguni, "na jina lake ile nyota yaitwa Pakanga." Kwa nini watoto wa miaka saba wasomewe hayo badala ya Daudi na Goliathi, sijui. "Baba, pakanga ni nini?" Nilikuwa namenya chungwa. Nikamwambia ni majani machungu, halafu nikashtukia nanusa vidole vyangu, nikitafuta harufu nyingine kabisa.

Kwa bibi, Njombe, hatukusema pakanga. Bibi aliiita fivi. Iliota kwenye ukingo wa shamba la viazi, mteremko unapoanzia, wala hakuna aliyewahi kuipanda. Moto wa kusafishia mashamba uliipitia, mvua za kwanza zikinyesha inachipua tena shinani. Mwezi wa saba umande ukiganda usiku na kubabua majani ya maboga yote, fivi ungeikuta palepale, majani yamechanikachanika kama ya karoti, rangi ya kijivu kama ndevu za mzee. Ukiyafikicha, harufu haikutoki mkononi hata uoge kwa sabuni ya mche.

Ilikuwa 1994, mwaka wa Kombe la Dunia la Marekani. Nilikuwa na miaka tisa, nimetoka Dar na sweta moja. Siku ya nne kifua kikabana, nikawa nakohoa mpaka machozi. Bibi hakuniuliza kitu. Alienda shambani na kisu, akarudi na vijiti vitatu vya fivi. Vitatu tu. Shangazi, aliyekuwa mjamzito, alifukuzwa jikoni hata asiisogelee sufuria.

Kwanza nilifukizwa. Hilo sina la kusimulia sana, kwa sababu mliopiga nyungu mwaka 2020 mnajua blanketi, mvuke, jasho na mtu wa nje anayekwambia "vumilia kidogo" huku yeye anapunga upepo. Nilivuta ule mvuke wote. Chini ya blanketi hakuna pa kukimbilia.

Shida ilikuwa kikombe.

Kilikuwa kikombe cha bati, cheupe, kimebanduka rangi ukingoni. Ndani maji ya kijani kibichi yakielekea kahawia, na jani moja linaelea. Bibi akanipa kitandani, akaniambia, "Kunywa, mume wangu, usionje. Ukionja hutakunywa." Mimi nikaonja. Uchungu ule haukai ulimini, unashuka hadi nyuma ya masikio, mwili mzima unataka kukimbia. Nikashika kikombe kwa mikono miwili, namwangalia bibi, bibi ananiangalia. Kuni za miwati zinapasuka jikoni. Kisha mbwa akabweka huko nje na bibi akatoka kwenda kuangalia.

Kati ya kitanda na ukuta kulikuwa na nafasi ya kiganja. Nikamwaga. Sakafu ilikuwa ya udongo, ikayanywa yale maji taratibu, nayasikia kabisa yakizama, na mimi nimeganda na kikombe hewani. Halafu harufu ikapanda. Ilijaa chumba kuliko ilivyojaa wakati wa kufukizwa. Nikavuta blanketi likafunika ule upande, kana kwamba harufu ni kitu cha kufunikwa.

Bibi akarudi. Akachukua kikombe, akachungulia ndani. Lile jani lilikuwa limeganda kwenye kitako. Akalitoa kwa kidole, akalitupa.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, bibi."

"Haya."

Akakaa ukingoni mwa kitanda muda mrefu bila kusema. Bibi yangu huyo alikuwa anajua kwa pua tu kama mvua itanyesha.

Kesho yake jioni akaleta kikombe kingine, akanipa, akatoka nje. Mbwa hakuwa amebweka. Keshokutwa vilevile: akanipa, akatoka. Vyote vikaenda ukutani. Siku iliyofuata niliamka kifua chepesi, nikala viazi vitano, na jirani alipokuja na "Kamwene" zake mlangoni nikamsikia bibi akijisifu: "Huyu kanywa vikombe vitatu. Hata uso hakukunja."

Baadaye nimesoma kidogo. Jina la kitaalamu la fivi ni *Artemisia afra*, na Wazulu wa Afrika Kusini, ambao huiita umhlonyane, nao huchemsha majani yaleyale kwa kikohozi na mafua. Ndugu yake wa China, *Artemisia annua*, ndiye aliyetoa atemisinini iliyomo kwenye dawa mseto ya malaria, na mwanasayansi wa huko, Tu Youyou, akapata Nobel kwa hiyo mwaka 2015. Huyu wetu wa milimani si huyo, msije mkampa mgonjwa wa malaria majani yake badala ya kumpeleka zahanati. Nimesoma pia kwamba ukizidisha ina sumu, nikakumbuka vile vijiti vitatu na shangazi mlangoni. Nikatafuta kama kuna aliyechunguza nguvu yake ikimwagwa chini ya kitanda. Hakuna.

Labda ulikuwa mvuke. Labda mafua yalikuwa yanakwisha yenyewe. Nyumba ile ilikuja kusakafiwa kwa saruji, na bibi alishafariki wakati huo, kwa hiyo sina wa kumuuliza alikuwa anatoka nje kufanya nini.

"Na wewe uliwahi kuinywa?" mtoto akaniuliza, mdomo umejaa chungwa.

"Nilipewa vikombe vitatu," nikamjibu.