Siku moja maishani mwangu: zamu ya asubuhi, kitabu cha ngozi usiku

Saa kumi na moja alfajiri alamu inalia, Baltimore bado giza. Kabla hata ya chai napita kwenye rafu kucheki pazia, maana jua likipiga mgongo wa kitabu cha ngozi, yaani chenye jalada la ngozi, kila siku rangi inapauka na hairudi tena.

Saa moja niko kazini, nahudumia wazee. Kuinua, kuogesha, kulisha, mpaka saa sita hujakaa. Lanchi nusu saa, nasoma hadithi moja ya Chekhov, yule mwandishi Mrusi, kwenye simu na inaisha kabla sijaitwa, ndo maana nakusanya hadithi fupi. Yule bwana alikuwa daktari, na anavyomwelezea mgonjwa unaona kabisa amekaa sana pembeni ya vitanda vya watu. Kitabu chenyewe cha ngozi sikileti kazini, mikono kutwa ina senitaiza na ile spiriti inaharibu mng'ao wa ngozi.

Saa tisa natoka, siendi nyumbani, kuna mahali mzee kafariki familia inauza vitu vyake. Kwenye boksi chini ya meza nikamkuta Poe, yule mwandishi Mmarekani wa hadithi za kutisha! Toleo la Franklin Library, wale wa Pennsylvania walioacha kuchapa vitabu mwaka 2000, na Poe mwenyewe alifia mji huu huu 1849, kaburi lake liko pale Fayette Street, napita na basi. Nikakinusa kwanza, maana mwaka jana nilinunua kimoja mtandaoni, picha safi, kimefika kinanuka ukungu, roho iliniuma sana. Hiki kikavu. Dola 15, nikalipa fasta.

Saa mbili usiku watoto wamelala, nanawa mikono, naikausha vizuri. Dhahabu ya kwenye kingo imegandisha kurasa, yaani mzee wa watu hakuwahi kukifungua miaka yote hiyo, nikasikia huzuni. Kitabu hiki hufungui katikati kwa pupa, mgongo unavunjika. Unausimamisha mezani, unalaza jalada la mbele, halafu la nyuma, kisha kurasa chache za mbele, chache za nyuma, unazikandamiza taratibu na kidole mpaka mkutane katikati, na dhahabu inaachia kwa kamlio kadogo, tss, tss.

Utepe ulikuwa bado umekunjwa vile vile ulivyotoka kiwandani. Nikaunyoosha, nikasoma hadithi mbili, nikauweka mwanzo wa ya tatu.