Barafu Tatu, Vidole Viwili, Maji Kidogo: Glasi ya Sinatra

Frank Sinatra, mwimbaji wa Marekani, mzaliwa wa Hoboken, New Jersey, tarehe 12 Desemba 1915, anajulikana kwa oda moja ya baa: wiski ya Kimarekani ya Jack Daniel's, yaani vipande vitatu vya barafu, wiski ya kina cha vidole viwili vilivyolazwa kando ya glasi, na maji kidogo. Ukitaka kumuenzi kwa glasi, achana na sirapu na cheri. Tengeneza hiki, na ukitengeneze sawasawa.

Wengi hupotea kwenye vidole viwili. Chukua glasi fupi, nzito, yenye upana wa ndani wa sentimita 8. Ukiimiminia wiski ikiwa tupu mpaka ifike vidole viwili, yaani kama sentimita 3.5, umeweka karibu mililita 175. Hizo ni karibu toti sita za mililita 30! Kipimo kinachofaa ni mililita 60, na zenyewe kwenye glasi hiyo hufika sentimita 1.2 tu, hazijai hata kidole kimoja. Lakini tanguliza barafu tatu za sentimita 3 kila upande, kisha mimina mililita 60 zile zile: wiski inapanda mpaka kama sentimita 2.6. Ndiyo maana ni bora kupima vidole barafu ikiwa imeshaingia. Mwenye kipimo cha toti akitumie, kwa sababu vidole vya watu havilingani.

Barafu yenyewe inataka uangalifu kuliko wiski. Igandishe kwenye chombo chenye kifuniko, la sivyo itanyonya harufu ya samaki na vitunguu vilivyomo kwenye friza, na harufu hiyo utaikuta kwenye mkupuo wa kwanza. Ukishaitoa, usiimiminie wiski papo hapo. Iache dakika moja au mbili mpaka ule ukungu mweupe wa juu uondoke na kipande king'ae. Barafu iliyotoka kwenye baridi kali ikiguswa na wiski ya joto la chumbani hulia "ta!" na kupasuka, na vipande vidogo huyeyuka haraka sana. Vilevile mwaga maji yaliyojikusanya chini ya glasi kabla ya kumimina. Barafu za mashine zenye tundu katikati hazifai hapa, zinayeyuka kabla hujaketi vizuri.

Maji ni kijiko kimoja cha mezani, mililita 15. Wiski hii ina kilevi asilimia 40, kwa hiyo mililita 60 ukiziongezea 15 za maji unapata asilimia 32, na barafu itaendelea kuishusha taratibu. Kwa kiwango hicho ule mchomo wa puani unapungua na harufu ya vanila na ndizi mbivu inajitokeza. Maji yawe safi, yasiyo na gesi wala harufu ya klorini. Soda ya kola sahau. Ni kinywaji kingine, kina wapenzi wake, lakini hakikumbushi oda hii.

Kwa nini wiski hii inavumilia maji vizuri namna hiyo? Inatoka Lynchburg, Tennessee. Nafaka yake ni mahindi asilimia 80, shayiri iliyooteshwa 12 na rai (nafaka ya jamii ya ngano) 8, na mahindi mengi ndiyo huleta utamu. Kabla ya kuingia kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani, wiski hudondoka polepole kupitia tabaka la mkaa wa mti wa maple, ule ambao utomvu wake hupikwa sirapu, lenye unene wa kama mita 3. Mkaa huondoa ukali wa mwanzo, na kinachobaki ni laini.

Kampuni hiyo ina toleo lenye jina la Sinatra, lililokomazwa kwenye mapipa yaliyochongwa mifereji kwa ndani ili wiski iguse mbao zaidi. Hilo lina asilimia 45, kwa hiyo kijiko kimoja cha maji hakitoshi: weka mililita 25 kwa mililita 60. Ladha ya mwaloni ni nzito zaidi, na kwa maoni yangu chupa ya kawaida inatosha kabisa kwa glasi hii.

Utaratibu, basi: barafu, wiski, maji mwisho. Usikoroge kwa kijiko. Zungusha glasi mkononi mara mbili, ingoje dakika tatu, ndipo unywe. Glasi isitoke kwenye friza, maana baridi kali hufunga harufu. Kama wiski inakuwasha koo, ongeza nusu kijiko cha maji, usiongeze barafu. Ikiwa imepwaya, tatizo liko kwenye barafu iliyokuwa imeyeyuka mno kabla ya kumimina. Kumimina wiski zaidi juu yake hakutaiokoa, anza upya na vipande vipya.