Siku ya Kung'oa Mbao

Taliesin West, iliyokuwa makao na shule ya msanifu majengo Mmarekani Frank Lloyd Wright, ipo chini ya milima ya McDowell, Scottsdale, jimbo la Arizona. Wright alianza kuijenga mwaka 1937 pamoja na wanafunzi wake, na wale wa mwanzo walilala kwenye mahema. Sisi wa miaka ya baadaye tulirithi desturi hiyo: mwanafunzi alilala jangwani, kwenye kibanda alichokibuni mwenyewe au kilichoachwa na aliyemtangulia. Umeme hamkuwa, bomba hamkuwa. Kuoga ulirudi majengo makuu, na usiku hukutembea bila tochi kwa sababu ya nge.

Mwenzangu mmoja alikuwa anajenga chake kando ya korongo kavu, nami nikawa kibarua wake. Michoro yake ilisifiwa sana darasani. Mawe tuliyasomba kwa toroli.

Ukuta wa magharibi, unaochomwa na jua la alasiri, aliutaka uwe kama zile za Wright. Unasimamisha boksi la mbao. Unachagua jiwe lenye uso bapa, unalipanga ndani uso ukiulalia ubao, unasokomeza gazeti lililokunjwakunjwa penye mwanya ili zege lisivujie mbele, ndipo unamwaga zege nyuma yake. Kwa hiyo unajenga sura ambayo huioni. Sisi Lamu, fundi wa mawe ya matumbawe huliona kila jiwe analolipanga, kisha analifunika lipu ya chokaa. Mimi ni mtoto wa fundi. Jambo hili lilinikosesha raha kabisa.

Siku ya kung'oa mbao tulianza alfajiri, kabla ya joto. Ubao wa kwanza uligoma. Wa pili ukaachia, vipande vya gazeti vikabaki vikining'inia, na katikati ya ukuta likatokeza jiwe jekundu ambalo nilikuwa nimelikataa, mwenzangu akalirudisha nilipokwenda kunywa maji. Lilikuwa zuri kuliko yote. Sikumwambia, alikuwa anajisifu vya kutosha.

Jioni nikamtumia baba picha, halafu nikampigia.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Ukuta nimeuona, umenyooka. Lipu mnapiga lini?”

“Haupigwi lipu, baba. Ndiyo umekwisha hivyo.”

Akanyamaza kidogo.

“Pesa ziliwaishia?”